Mashine Yangu na Majembe ya Mwambire

Jumatatu, 7 Aprili 1986

Nimeileta nyumbani. Mashine ya kulimia, ya injini, ya kusukuma kwa mikono miwili. Hoteli ya Bofa, ninakotunza stoo, walikuwa wanaitupa. Meneja aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba Mkamba hatupi chuma.

Shamba ni la Bi Mahfudha wa mjini. Kaniazima msimu huu nipande mahindi na kunde. Sharti lake ni moja tu. Jumapili anakuja kuangalia, na akilikuta bado pori, anampa jirani yangu Mwambire, ambaye, kwa maneno yake, ana watu. Nikamwambia mimi nina injini. Akasema haya mwanangu, tutaona.

Mwambire alipita jioni na jembe begani, akaiamkia mashine shikamoo. Mashine! Kisha akanikaribisha kwenye mwerya wake Jumatano. Ndivyo wanavyolima hawa: leo wote kwako, kesho wote kwangu, na mwenye shamba anatoa chakula na mnazi wa kunywa. Nikamshukuru, nikasema mambo ya kulima kwa makundi nilimwachia babu yangu.

Kila mtu anasema mvua inanukia. Mimi nina mafua, sisikii harufu ya kitu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepata wazo usingizini. Mwambire akimaliza shamba lake mapema, Bi Mahfudha atazidi kumsifu. Basi asimalize. Nimenunua mnazi kwa Charo mgema, ule uliolala, wa kumlaza mtu chali. Kesho asubuhi nitawapelekea kabla hawajashika jembe. Watakunywa, watalala. Na nani atathubutu kuniita mchoyo?

Tatizo ni mke wangu Mueni. Ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na mwezi uliopita walitangaza vita na mnazi. Kwa hiyo nimeutia kwenye jerikeni linalofanana na lile la petroli, nikayaficha yote mawili katika stoo yetu ya nyumbani, nyuma ya gunia la mahindi. La mnazi kushoto, la petroli kulia. Shetani mwenyewe hawezi kukosea hapo.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi nilimpelekea Mwambire jerikeni la kushoto. Nikaliacha mlangoni, nikaondoka mbio nisije nikapewa jembe. Nikarudi, nikajaza tangi kwa jerikeni la kulia. Petroli ya siku hizi ina povu. Sijui wanachanganya nini.

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena mpaka bega likalia. Bega tu ndilo lililolia. Nikatoa plagi, nikaisugua kwa msasa, nikaipasha kwenye makaa kando ya sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nikairudisha ingali moto. Nikaungua vidole. Kimya. Nikafungua chujio la hewa. Mlikuwa na kiota cha nyigu. Wenyewe walikuwemo. Mueni akauliza kama aniletee jembe. Kwa mdomo ule uliovimba, ningejibu vipi?

Huko ng'ambo ya ua, watu wa Mwambire waliimba mchana kutwa. Hakuna aliyelala. Wamemaliza shamba zima! Charo kanipunja, mnazi wake ni maji matupu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwita Aboud, fundi wa injini za boti. Alimsalimu kila mtu, akauliza hali za walio hapa na walioko Machakos, akanywa chai. Mimi roho juu. Hatimaye akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akakifunga taratibu. Akamgeukia Mueni, kwa ule upole wa watu wa Lamu, akamwomba radhi kwa neno atakalosema. Mashine haina ugonjwa wowote, mama. Imelewa.

Mueni akaja akanusa. Mueni hana mafua.

Ikajulikana kwamba Jumanne jioni alifagia stoo, akayatoa majerikeni, kisha akayarudisha bila kuangalia lipi lilikuwa wapi. Kwa hiyo Mwambire nilimpelekea petroli. Sikuthubutu kusema nilikuwa na nia gani na ule mnazi. Nikasema ulikuwa wa kuoshea vyuma. Nimelala kwenye mkeka.

Aboud kamwaga tangi, kasafisha kabureta. Anasema inataka petroli safi tu. Petroli safi iko kwa Mwambire.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwambire kaja na jerikeni. Nilijificha chooni. Akangoja. Choo changu kina joto sana, nikatoka.

Hakukasirika. Alisema mjomba wake wa Vitengeni aliinusa kabla mtu hajamimina, na watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini wazee walilizungumza wakakubaliana: aliyeleta kitu kwenye mwerya ameingia mwerya. Petroli si kinywaji, ila kaleta. Basi kesho ni zamu yangu, wanakuja kunilimia. Nikasema nitafikiria. Mueni alikwisha kusema karibuni.

Jioni nikatia petroli, nikavuta kamba mara moja. Ikawaka! Ikalima mchicha wote wa Mueni, ikatoboa ua wa makuti, ikanivuta hadi kwenye banda la kuku, ikazima. Haijawaka tena. Lakini iliwaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamekuja wengi, na majembe yao. Mueni kapika wali wa maharagwe na chai, hakuna mnazi, na aliyenung'unika ni Charo peke yake. Mwambire alikuwa mstari wa mbele, akiongoza nyimbo.

Nilimfuata, nikamuuliza kama anajua kwamba shamba hili likibaki pori, ni lake. Akasema anajua, Bi Mahfudha alimwambia. Akaendelea kulima. Niliona haya, na haikuwa haya ndogo. Nilitamani kumwambia habari ya mnazi na nia yangu. Kisha tukaitwa kula.

Adhuhuri shamba lote lilikuwa limegeuzwa.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Bi Mahfudha kaja na mwavuli, kalitazama shamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Maashallah, akasema, kumbe injini yako kweli inafanya kazi. Sikuona haja ya kumsahihisha. Mwambire alikuwa karibu, akacheka tu. Shamba ni langu.

Baada ya kanisa Mueni aliniuliza nimejifunza nini wiki hii. Nikamwambia nimejifunza kwamba mtu akipanga mambo yake vizuri, hafeli. Akaenda kupanda mchicha upya.

Sasa nadaiwa siku ya kazi na kila aliyekuja. Jumanne tunaanza kwa mjomba wa Mwambire, kule Vitengeni. Ni shamba kubwa, lina visiki, na mvua ndiyo hii. Nimewatumia wote ujumbe waache majembe nyumbani. Naleta mashine.