Malalamiko ya Kufutiwa Matusi Yangu Halali

Kwako Ndugu Msimamizi wa Jukwaa la Waandishi,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, uwe umekaa au umesimama. Anayekuandikia ni mwandishi mkongwe, aliyekuwa akisomwa na maelfu ya watu kwenye blogu yake mwenyewe iitwayo Sindano na Ulimi. Sawa, maelfu hawakuwa watu. Ile namba ya chini ya blogu ilikuwa inapanda kila nilipofungua kuangalia kama kuna mtu aliyefungua, na mimi ni mtu wa kuangalia sana. Wasomaji wenyewe hasa walikuwa kinyozi wa jirani, mke wa mwanangu, na shemeji yangu, ambaye ndiye chanzo cha barua hii. Nitamfikia kwa utaratibu, maana wewe ni mtu wa ofisi.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Shule niliishia pale mwalimu aliponishauri niishie. Blogu nilifunguliwa na mke wa mwanangu baada ya mke wangu kufariki, ili nisishinde nikiongea na cherehani. Nikawa naandika mambo ya ufundi: kola, mifuko, wateja wanaonenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua nguo, halafu lawama kwa fundi. Juzi mkwe huyohuyo akaja na habari kwamba blogu ni mambo ya kizamani, akanihamishia kwenu. Akasema, "Baba, huko ndiko waliko watu." Nikamwambia hata stendi kuna watu, na sijawahi kuhamia. Hakunisikia. Alikuwa ameshabonyeza.

Sasa malalamiko.

1. Mmenipa cheo cha "Mwandishi Chipukizi" na kukibandika karibu na picha yangu, pamoja na kijipicha cha jani bichi. Ndugu yangu, hebu itazame ile picha vizuri. Kinachochipuka pale ni nini? Meno yamehama, nywele zimehama, na masikio ndiyo pekee yanayoendelea kukua. Kinyozi alipokiona cheo hicho alicheka mpaka mashine ikamteleza, mteja akaondoka na kichwa chenye barabara katikati.

2. Kwenye blogu nilikuwa kwangu. Niliweza kuandika nikiwa na fulana yenye matundu, na hakuna wa kuniuliza. Kwenu ni nyumba ya wapangaji, kila mtu anapitia chumbani kwa mwenzake. Chini ya makala yangu ya kuweka kola mmeandika: "Huenda ukapenda pia: Dalili kwamba mpenzi wako anajiandaa kukuacha." Mtu amekuja kwa kola, anaondoka na wasiwasi. Mke wa mwanangu alianza kunisoma mimi, akaishia kumkagua mwanangu simu. Sasa hivi mwanangu analala sebuleni kwangu, na kola hajui hata inavyowekwa.

3. Juu ya kila makala yangu mmeandika "dakika mbili za kusoma". Nani kawaambia? Kinyozi huisoma mchana kutwa, midomo ikitembea, anasimama kunyoa, anarudi kutafuta alipoishia. Tangu aone hizo dakika zenu amekuwa mnyonge, anajiona mzito wa kichwa. Andikeni "inategemea".

4. Mioyo. Niliandika jinsi nilivyomshonea marehemu mke wangu gauni lake la mwisho, likampwaya, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umempunguza na mimi nilimpima kwa mazoea. Mtu nisiyemjua, anayejiita Mfalme wa Kuku, akabonyeza moyo mwekundu akapita zake. Nifanye nini na moyo wa Mfalme wa Kuku? Hata hivyo mimi ni mtu wa adabu. Nilipoikuta makala yako wewe mwenyewe ya kutukaribisha wageni imekaa mpweke, haina moyo hata wa kusingiziwa, niliibonyezea. Hilo liweke akilini.

5. Hapa ndipo palipouma. Shemeji yangu ni mdogo wa marehemu mke wangu. Ananitukana tangu siku ya posa, kwa utani wetu wa mashemeji, na mimi namrudishia, na mke wangu alikuwa anakaa katikati yetu akicheka hadi anashika mbavu. Baada ya msiba, siku moja alikuja mpaka mlangoni, akaziona ndara za dada yake zipo palepale kizingitini, akageuka bila kupiga hodi. Hajarudi. Mimi ndara siwezi kuziondoa, yeye hawezi kuzipita. Tukipigiana simu tunabaki kusikilizana tukipumua, mpaka mmoja aseme mtandao mbaya.

Ila kwenye blogu ulimi ulimrudia. Kila nikiandika, maoni ya kwanza ni yake. Makala ya kola aliijibu hivi: "Kola zako zilikuwa zinawanyonga watu, ndiyo maana wateja wako hawakuwahi kulalamika." Ya mifuko akasema dada yake alikubali kuolewa na mimi kwa sababu taa ilikuwa imezimika. Na kila mara humalizia kwa swali lilelile: "Bado hujafa, wewe?" Nami humjibu kwamba namsubiri yeye atangulie akanishikie kiti. Hapo tunajua kwamba wote wawili wazima, na wiki inakwenda.

Kwenu ameandika, mashine yenu ikafuta. Akaandika tena, ikafuta na kumfungia. Mahali pake mmeniwekea tangazo: "Maoni haya yameondolewa kwa usalama wako." Usalama wangu na nani? Mmeniokoa na mtu pekee anayeuliza kama nimekufa, mkaniachia Mfalme wa Kuku.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, matusi yangu yarudishwe kama yalivyokuwa, bila kupunguzwa makali. Naomba pia mashine yenu ipelekwe kwa shemeji ikapate mafunzo, ijue tofauti ya mtu anayekuchukia na mtu aliyebeba sanduku la bibi arusi wako kichwani. Na mpaka hayo yakamilike, wewe mwenyewe Msimamizi uwe unanitukana kila wiki, kwa maandishi, na sahihi yako chini.

Nakuonya, si kazi nyepesi. Inabidi ujue kwamba kidole changu kimoja cha mguu kimempanda mwenzake. Inabidi ujue kwamba suruali yangu ya arusi, niliyoishona kwa mkono wangu na kuitangaza mtaa mzima, ilipasuka nikiinama kumsalimia baba mkwe. Ukishindwa, ajiri mtu. Lakini hutampata, maana waliokuwa wananijua kiasi hicho walikuwa wawili, na mmoja hayupo. Basi ikishindikana kabisa, nirudishieni blogu yangu niondoke kwa amani, na lile jani mpeni mwingine.

Wasalimie wote hapo ofisini: mlinzi wa getini, mpika chai, aliyechora jani, na hiyo mashine yenu, kama ina mama basi na mama yake.

Ni mimi ninayelindwa bila kuomba,

Fundi Mstaafu, Mwandishi Chipukizi

Nyongeza: Nilikuwa bado natafuta pa kubonyeza ili barua iende, nikasikia hodi. Shemeji, na mwavuli mkononi kama rungu. Akasema, "Mashine imenikataza kuuliza kwa maandishi, nimekuja kuuliza kwa mdomo. Bado hujafa, wewe?" Nikasogea kumpisha. Akaziangalia zile ndara muda mrefu. Kisha akavua viatu vyake, akazivaa, akapitiliza jikoni kukagua nilivyopachafua. Hivi ninavyoandika namsikia anazitukana sufuria, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo yote niliyolalamika hapo juu, yaache. Ila ule moyo niliokubonyezea bado hujanirudishia fadhila, na ninayoitaka ni ndogo. Ameapa kwamba wiki ijayo atajaribu tena kuandika kwenu. Tafadhali, ndugu yangu, mfute.