Sifuri ya Bwana Hezroni

Wananchi wote wa Kyela na mwambao wake walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji, kwamba ifikapo saa tatu kamili asubuhi ya Ijumaa ukosefu wa kazi kwa vijana utakuwa umekwisha. Baada ya saa hiyo, kijana yeyote atakayeonekana hana kazi atahesabiwa kuwa anapotosha takwimu.

Mwenye tangazo alikuwa Bwana Hezroni, Mratibu wa Kituo cha Uunganishaji wa Vijana Waliokatika, chenye ofisi yake pale Bondeni. Kijana aliyekatika, kwa mujibu wa mwongozo, ni mtu wa miaka kumi na mitano hadi thelathini na mitano ambaye hayuko shuleni, hayuko kazini na hana cheti cha ufundi. Kazi ya kituo ilikuwa kumtafuta mtu huyo, kumwandika kwenye rejista na kumpeleka chuo cha ufundi akasome bure mwaka mzima. Katika miaka miwili Bwana Hezroni hakuwa amemwandika hata mmoja, na alikuwa na sababu ya kitaalamu: kila unapomwandika mmoja, idadi ya waliokatika inapanda, na yeye aliajiriwa ili ishuke.

Msimcheke. Alikuwa na miaka thelathini na minne, shahada ya utawala na kitambi cha kuanzia, na alitaka jambo moja tu duniani, kupandishwa kwenda ofisi ya mkoa kwenye kiti kinachozunguka. Mkurugenzi kutoka makao makuu, Madam Elizabeth, angekuja Ijumaa kukagua rejista. Bwana Hezroni alikusudia aikute nyeupe kama alivyoipokea.

Jumatano, Tumpale akaja kuichafua.

Tumpale alikuwa binti wa miaka ishirini kutoka Ipyana. Aliishia kidato cha pili baba yake alipofariki, na tangu hapo alikuwa akitengeneza baiskeli chini ya kibanda cha bati jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Aliingia ofisini na mikono yake ina grisi, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani, akaamkia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, tata."

"Salama, binti. Tatizo?"

"Sina tatizo. Nataka kuandikwa. Nikasomee ufundi wa magari. Nimesikia nafasi zipo arobaini na hakuna aliyekwenda."

Bwana Hezroni alitabasamu kwa huruma ya kiutawala. "Unafanya nini kwa sasa?"

"Natengeneza baiskeli."

"Basi una kazi. Sikuandiki."

"Sawa, nipe karatasi kwamba nina kazi, nikakope vifaa."

"Una leseni ya biashara?"

"Sina."

"Basi hiyo si kazi inayotambulika."

"Kwa hiyo sina kazi. Niandike."

"Haiwezekani. Takwimu zinaonyesha asiye na kazi hayupo."

Tumpale alimtazama, akamgeukia Mama Anyes, katibu muhtasi mwenye miaka hamsini na minane, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo juu ya meza ya mapokezi. "Mama, huyu ananizingua au ndivyo alivyo?"

"Ndivyo alivyo, mwanangu," alisema Mama Anyes. "Tumemzoea."

Binti alitoka bila kuaga, na hilo lilimuuma Bwana Hezroni kidogo, maana alipenda kuagwa. Lakini lilimfumbua macho pia. Kama mmoja ameweza kuja mwenyewe hadi mezani, Ijumaa wangeweza kuja mia tatu.

Hapo ndipo alipobuni Mpango wa Ujombani. Kila familia ya huku ina mjomba ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, na mtu anayekwenda kumsalimia mjomba wake haulizwi kitu na yeyote, awe mwenyekiti wa kitongoji, awe askari wa mpakani. Kijana aliyeko kwa mjomba hajakatika. Ni mgeni, na mgeni hana takwimu. Alhamisi mchana barua zilisomwa kata zote, kutoka Talatala hadi ziwani, zikiwataka vijana wasio na shughuli maalumu wakaimarishe ujirani mwema. Walivuka kwa makundi, kila mmoja na kuku wake kwapani, wakicheka. Nani anakataa kwenda kula kwa mjomba?

Tumpale alikataa. Alisema ana baiskeli sita za watu.

Ijumaa kulikucha kimya. Ilibainika kuwa waliovuka ndio waliokuwa wakisimamisha maturubai, kuchota maji, kubeba viti, kukoboa mpunga na kufunga spika. Bwana Hezroni alilieleza jambo hilo kuwa changamoto ya mpito. Alisimamisha turubai mwenyewe, likamwangukia. Alipika wali wa mgeni rasmi mwenyewe, na kuhusu wali ule mchele wa Kyela hauna kosa lolote.

Hata hivyo uwanja ulijaa. Saa tatu walikuwepo vijana mia mbili, wamekaa kwa adabu kwenye majani, kila mmoja na kuku kwapani.

Madam Elizabeth alishuka garini, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. "Hawa ndio waliokatika?"

"Hapana, Madam! Hawa..." Bwana Hezroni aliwatazama vizuri. Hakumjua hata mmoja. "Nyie ni nani?"

"Tumetoka ng'ambo, bwana," alijibu kijana wa mbele, Asajile. "Na kwetu leo anakuja mkubwa wa vijana. Tumeambiwa tuje kusalimia wajomba."

Madam hakuonyesha kushangaa. Alikaa, akafungua rejista ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho, akabadilisha miwani, akarudia.

"Sifuri," alisema.

"Sifuri, Madam," alisema Bwana Hezroni, na machozi yakamlengalenga.

"Hongera sana. Ni kituo cha kwanza nchini." Akamshika mkono. "Kwa mujibu wa ukurasa wa mwisho wa mwongozo, kituo kinachofikia sifuri kimemaliza kazi. Kinavunjwa siku hiyohiyo, na mkataba wa mratibu unakoma papo hapo. Zile nafasi arobaini za chuo nazipeleka kanda nyingine. Makofi."

Vijana wa ng'ambo walipiga makofi. Kuku nao walisema yao. Bwana Hezroni hakuwahi kuufikia ukurasa wa mwisho, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuhitaji kufika huko, na sasa alikiona kile kiti kinachozunguka kikizunguka kwenda zake.

"Nipo mimi," sauti ilisema.

Tumpale alikuwa amesimama nyuma ya turubai, spana mkononi.

"Wewe ni nani?" aliuliza Madam.

"Ni mimi niliyekataliwa Jumatano. Sisomi, kazi yangu haitambuliki, cheti sina. Niandike, Madam."

"Kweli hii?" Madam alimgeukia Bwana Hezroni.

Angeweza kukana. Alifikiria kukana, kwa kirefu na kwa lugha fasaha. Lakini yule binti alikuwa ameikumbatia spana ile kwa mikono miwili, na Bwana Hezroni aliona aibu, aibu ya kawaida ya mtu wa kawaida, iliyomshuka mpaka miguuni. "Ni kweli," alisema.

"Bahati mbaya mmoja hatoshi. Nafasi hazigawanywi. Ni arobaini au hakuna, na gari langu linaondoka saa nane."

Tumpale hakusubiri. Alitoa simu, akaweka sauti ya nje. "Anyitike! Rudi, kuna chuo!"

"Siwezi!" ilijibu simu. "Mjomba kachinja. Nikiondoka kabla ya kula nimemtukana."

"Basi unataka kusomea nini?"

"Kuchomelea! Niandike!"

Ikawa hivyo kwa saa nne. Tumpale alipiga, wajomba walisikika wakikaripia, na Bwana Hezroni akaandika kwa mkono wake, jina baada ya jina, umeme, useremala, uashi, kwenye rejista aliyoitunza kwa miaka miwili isiguswe na wino. Vidole vilimuuma. Alishangaa jinsi kazi inavyochosha. Saa nane kasoro dakika tano chaji ya simu ikaisha, na majina, la Tumpale likiwemo, yalikuwa thelathini na tisa.

"Mmoja," alisema Madam, akisimama.

Vijana wa ng'ambo hawakuruhusiwa na mwongozo. Mama Anyes alikuwa amepitiliza umri. Watu wote walizungusha macho uwanjani, na macho yote, bila kuambiana, yakatua mahali pamoja.

Madam alikaa tena, akavaa miwani ya kwanza. "Bwana Hezroni. Uko shuleni?"

"Hapana."

"Uko kazini?"

Alimtazama Mama Anyes, aliyekwisha kung'oa kibao cha kituo na kukiweka chini ya sufuria. "Hadi saa tatu asubuhi nilikuwepo."

"Una cheti cha ufundi?"

"Nina shahada, Madam."

"Nimeuliza ufundi."

"Sina."

"Umri?"

Miaka thelathini na sita ilimfika kwenye ncha ya ulimi. Ingetosha kumwokoa. Tumpale alikuwa ameziba uso kwa mikono yake yenye grisi, haangalii.

"Thelathini na minne," alisema Bwana Hezroni, na akajiandika.

"Ndaga fijo, tata," Tumpale alisema, na sasa alilia waziwazi. "Ahsante sana."

"Kozi zote zimeshajaa," alisema Madam, akipitisha kalamu kwenye orodha. "Imebaki moja."

Jumatatu saa moja asubuhi Tumpale alimpakia kwenye baiskeli, yeye kakaa nyuma, godoro limefungwa kwa mpira na ndoo kaishika mkononi. Getini mlinzi wa chuo aliinuka kwa heshima alipomwona mtu mzima mwenye tai.

"Shikamoo, mzee. Umemleta binti?"

"Marahaba. Binti ndiye aliyenileta," alisema Bwana Hezroni, akitoa barua yake. "Nimekuja kusomea ususi."