Kadi Zilizolala na Nyumba ya Mama Mkwe

Jumapili, 2 Machi

Chakula cha mchana kwa shemeji Wendell, kaka wa mke wangu Lorene. Kuku wa kuoka, viazi, na majigambo. Kabla keki haijaletwa, akazitandaza kadi zake za mkopo za maduka juu ya meza kama mtu anayecheza karata. Duka la viatu, la matairi, la mapazia. Zote hai. Akatufundisha, maana hawezi kula bila kufundisha: kadi ya duka usipoitumia muda mrefu, wenyewe wanaifunga kimya kimya, na siku benki ikikuchunguza inakuona mtu uliyepungua sifa ya kukopeshwa. Kwa hiyo yeye kila msimu hununua kitu kidogo kwa kila kadi, analipa, basi.

Lorene alimtazama kaka yake kwa macho ambayo mimi sijatazamwa nayo tangu tufunge ndoa. 

Jambo lenyewe si dogo. Nyumba ya marehemu mama yao, ile ya kando ya mto Maumee, lazima mmoja wao ainunue. Lorene anataka tukazeekee humo. Wendell anataka kuibomoa ajenge banda la boti yake. Atakayetangulia kukubaliwa na benki ndiye mwenye nyumba. Miadi yetu na benki ni Jumatatu ya tarehe 10. Yake pia.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeifukua droo ya jikoni. Chini ya betri zilizokufa nimekuta kadi tatu: ya duka la vifaa vya ujenzi, ya duka kubwa la nguo, na ya duka la mabibi harusi, tuliyoichukua binti yetu Corinne alipoolewa. Corinne sasa ana watoto wanaonyoa ndevu.

Mpango: kuziamsha zote kabla ya miadi. Wendell asijue. Lorene asijue pia, ili mshangao uwe mkubwa.

Jumanne, 4 Machi

Duka la ujenzi. Nilichukua bawaba moja ya mlango. Keshia akapitisha kadi, akapitisha tena, akaniambia kwa upole kwamba hii ilifungwa zamani. Nyuma yangu foleni nzima ikanionea huruma. Niliiacha bawaba.

Duka la nguo: kadi iko hai! Nikanunua leso. Nilitoka nimenyoosha mgongo. Nikawaza uso wa Wendell na leso ikawa tamu zaidi.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nilitoka kanisani moja kwa moja hadi duka la mabibi harusi, majivu bado kwenye paji la uso. Msichana wa dukani akauliza harusi ni lini. Nikamwambia hakuna harusi. Akatazama yale majivu, akasema pole sana. Sikumsahihisha.

Kila kitu mle ni ghali. Cha bei ya chini kabisa kilikuwa mkanda wa paja wa bibi harusi, wenye utepe wa buluu. Kadi ikakubali. Karibu nilie.

Nje, nani anashuka garini? Wendell, anakwenda duka la matairi la jirani kumwagilia kadi yake. Akautazama mfuko wangu wa waridi. Akanipungia mkono taratibu, kama mtu anayehesabu faida.

Ijumaa, 7 Machi

Samaki wa Kwaresima kwenye ukumbi wa parokia. Parokia nzima imekaa. Wendell akapaza sauti kutoka meza ya pili: “Shemeji, mbona hujatualika? Harusi lini?”

Lorene aliacha kutafuna.

Garini akafungua kisanduku cha mbele kutafuta miwani yake. Akautoa ule mkanda, niliouficha humo, kwa vidole viwili.

“Delbert. Hiki ni cha nani?”

Nikamwambia yote. Kadi, droo, bawaba, majivu. Tulipovuka daraja akauliza:

“Ulilipa kiasi gani?”

Nikamtajia.

“Nimekuamini,” akasema. “Mwanamume mwenye hawara angenunua kitu cha maana.”

Sijui kwa nini iliniuma kuliko kushukiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Lorene amenikalisha. Lipa leso, lipa mkanda, leo hii. Kisha usiguse kadi yoyote. Na zaidi ya yote usiombe kadi mpya, kwa sababu benki huchungulia tena kabla ya kusaini, na ikiona unaomba mikopo huku na huku inaingiwa na wasiwasi. Nikamwapia. Akanishika shavu. Akasema ile ndiyo nyumba aliyojifunzia kutembea.

Jumatatu, 10 Machi

Tumekubaliwa! Bi Haverkamp wa benki alisema mambo yetu si ya kung’ara ila yanatosha. Kusaini ni Ijumaa. Lorene alilia kwenye leso yangu mpya.

Wendell amekataliwa. Ameshakopa mno kwa ajili ya boti. Alipiga simu, sauti ndogo, akamwambia Lorene: “Dada, angalau usiyang’oe mawaridi ya mama.” Nilitegemea kufurahi jioni nzima. Badala yake Lorene akashinda jikoni akimwokea Wendell keki ya tufaha. Masikini kaka yangu, masikini kaka yangu. Mimi niliyeshinda sikuokewa hata biskuti.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimpelekea Wendell keki. Haonekani kama mtu aliyeshindwa. Alinionyesha kadi mpya ya duka la vifaa vya boti: nyeusi, nzito, jina lake limechorwa kwa rangi ya dhahabu. “Hii hawampi kila mtu, shemeji,” akasema, akiilamba krimu kidoleni.

Nikapita pale dukani. Kuangalia tu.

Mwuzaji akaniuliza nina boti ya aina gani. Nikasema bado naamua. Akaniuliza kama ningependa kuomba kadi yao. Nikamuuliza kama kuna Wendell Nowicki waliyempa kikomo kikubwa cha mkopo. Akasema hawezi kutaja mambo ya wateja. Lakini nyusi zake zilipanda kidogo, na mimi nyusi nazijua kuzisoma.

Nikajaza. Wakanikubali palepale. Nyeusi, nzito, jina langu la ukoo, SZYMCZAK, kwa dhahabu. Kuiamsha nimenunua nanga ndogo.

Nimerudi nyumbani. Lorene yuko kwenye simu na Bi Haverkamp, amenigeuzia mgongo, anasikiliza tu. Bila shaka wanatupongeza mapema. Akimaliza nitamwonyesha kadi. Safari hii ataniangalia mimi.