Mfadhili Aenda Mraru Kumwona Wakio

Jumatatu, 9 Machi
Barua pepe imeingia! Nimeisoma mara nne, ya mwisho nimepanda juu ya kiti. Mfadhili, madam Cynthia, anatoka Nairobi Ijumaa. Anatafuta kituo kimoja tu Taita Taveta nzima, cha kukuza vijana wenye biashara za kuwasaidia wanyonge. Kimoja! Ni changu hapa Voi, nyuma ya kinu cha unga, au ni cha Katuku kule Maungu. Akichagua changu, nina miaka mitatu ya ufadhili na mimi ni Mkurugenzi wa kweli. Akichagua cha Katuku, nafunga mlango na kurudi kuuza kadi za simu.

Nimemwambia mke wangu Rita aanze kuniita Mkurugenzi, tuzoee. Ameuliza naongoza watu wangapi. Nimesema mmoja, lakini ana kipaji.

Katuku ana wanafunzi kumi na wawili na fulana za njano. Fulana! Eti kipaji ni fulana.

Jumanne, 10 Machi
Mwanafunzi wangu ni Wakio, wa Mraru. Ana mashine ya kupukuchua mahindi. Anaisukuma kwa wilbaro boma hadi boma, kwa akina mama wasio na nguvu za kuyapiga kwa fimbo. Asiye na pesa analipa gorogoro moja, yaani kopo la kilo mbili, la mahindi kwa kila gunia. Werevu huo! Wazo ni lake, lakini cheti nilichapisha mimi.

Yuko Njukini kazini, simu haishiki, atarudi Ijumaa. Si neno. Nimeenda mwenyewe kwao kuwaandaa wazazi. Nikamwambia babake, Mzee Obadiah, kwamba kuna watu wa Nairobi wamemfuatilia binti yake kwa muda, wamempenda, na sasa wanataka kupaona kwao kabla ya kumchukua.

Mzee akauliza kama ni watu wa kanisa. Nikasema sana! Akauliza kama wana uwezo. Nikasema wana magari matatu. Akauliza kama watakuja mikono mitupu. Nikasema, kwa heshima zote Mzee, hao si watu wa aina hiyo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Mama Wakio akakimbilia jikoni analia. Sijawahi kuona wazazi wanaopenda maendeleo namna hii.

Jumatano, 11 Machi
Nimempigia madam Cynthia kumdokezea kwamba watu wa Mraru hufurahia mgeni aliyekuja na kitu. Amesema ataleta sukari, majani ya chai na kanga za mama. Mwelewa sana huyu!

Kituo lazima kiwe na mwenyekiti wa bodi. Nimemchukua baba mdogo, Mzee Mwandawiro, aliyekuwa naibu wa chifu. Ana kofia na fimbo. Nimemwambia kazi yake ni kukaa mbele na kuzungumza na wazee wenzake. Hakuuliza zaidi.

Nimekutana na Katuku kwenye steji ya matatu. Akauliza nimejiandaaje. Nikacheka kwa pua tu nikaenda zangu.

Ijumaa, 13 Machi
Wacha nianze mwanzo.

Saa nne tukafika Mraru. Tenti! Viti mia! Mbuzi wawili motoni! Mashangazi wa Wakio wametandaza kanga njiani, eti hatupiti bila kiingilio. Madam akalipa huku anacheka, akaniambia hajawahi kuona jamii iliyoshirikishwa hivi. Nikavimba kichwa.

Tukakalishwa. Msemaji wa wazee akauliza mwenyewe ni yupi. Madam akamsimamisha msaidizi wake, Derrick, kijana wa suti na miwani, akaeleza kwamba ndiye atakayekuwa na Wakio kila siku kwa miaka mitatu. Shangazi mmoja akauliza, mitatu? Na baadaye? Madam akajibu kwa tabasamu kwamba baadaye Wakio atajitegemea.

Wueh! Tenti ikawaka. Mzee Obadiah akasimama akasema binti yake hakodishwi. Shangazi akamvua Derrick miwani ili amtazame vizuri mtu asiye na haya. Na Mzee Mwandawiro, ambaye tangu ile kanga ya njiani aliamini tumekuja kuposa, alikuwa kando na wazee, ameshashusha mahari kutoka mbuzi kumi na wawili hadi saba, na mtamba mmoja. Akanikonyeza.

Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Mungu wangu!

Mara Wakio huyo na wilbaro yake, makapi mpaka kwenye nyusi, akauliza nani anaolewa. Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akawasha mashine, akapukuchua magunia matatu ya babake mbele ya wote, huku akimpigia madam kelele kwamba huyu hulipa pesa, yule hulipa gorogoro, na wajane hungojewa hadi wauze. Mashangazi wakaacha ugomvi wakashika midomo ya magunia. Derrick akarudishiwa miwani.

Mwishowe madam akamuuliza Wakio mimi nimemfundisha nini. Kituo changu chote kilikuwa kwenye ulimi wa yule msichana! Naye hakuficha. Akasema wiki mbili za kwanza nilimfundisha maneno makubwa ambayo bado hajapata pa kuyatumia. Lakini siku watu wa Mraru walipomcheka, msichana na mashine, ni mimi niliyesukuma naye ile wilbaro kutwa nzima, nimevaa suti.

Nililia. Naandika wazi: nililia.

Jumamosi, 14 Machi
Madam amepiga. Ni sisi! Ni sisi! Nimemkumbatia Rita, nimemkumbatia msaga unga, nimekuwa mweupe kifua kizima. Kisha madam akamalizia maneno. Ufadhili ni wetu, Mkurugenzi ni Wakio. Atapewa vijana ishirini, wazunguke naye bomani wakijifunza kazi kwa mikono. Mimi ni Msimamizi wa Usafiri. Usafiri wenyewe ni wilbaro.

Rita ameuliza sasa aniite nani. Nimejifanya sikusikia.

Jumapili, 15 Machi
Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nafikiri. Shida ya nchi hii si vipaji vya vijana. Vijana wanavyo! Shida ni wakurugenzi. Nani anawakuza wakurugenzi? Hakuna! Ibada haijaisha nikatoka nje, nikakianzisha pale pale: Chuo cha Kukuza Vipaji vya Wakurugenzi.

Nimempigia Katuku, maana naye amekosa. Uadui umekwisha, tumecheka kama ndugu. Yeye ni mwanafunzi wa kwanza. Mimi ni wa pili, kwa muda tu, kwa sababu mwalimu bado hatujapata. Madam Cynthia nimeshamwandikia kwamba tuko thelathini, na kwamba tunamngoja Alhamisi.