Marufuku Kulowa Juu ya Goti

Alhamisi, 2 Mei 1991

Maharage tena. Yana wadudu, ila leo wadudu wamepungua. Nadhani nao wamekwenda machimboni.

Kila mtu amekwenda machimboni. Mpishi wetu aliondoka baada ya Pasaka, sasa anauza chapati kwa wachimba dhahabu kule Nyakunguru. Mwalimu wa Hesabu aliaga kwamba anakwenda kumjulia hali shangazi yake. Ameonekana ndani ya shimo, na shangazi hayumo. Mayai, nyama, ndizi, chochote chenye ladha hupita mbele ya lango la shule kikielekea kwenye mashimo, nasi wa bweni tunakisindikiza kwa macho.

Wamebaki samaki wa Mto Mara tu. Nao tumenyimwa! Wiki iliyopita Tomaso wa Kidato cha Kwanza aliteleza kwenye mwamba, akazama hadi masikioni, akaponea mzizi wa mti. Mwalimu Verdiana, anayetufundisha Jiografia na ambaye pia ni mlezi wa bweni, akapiga marufuku mto mzima.

Jioni tumemwendea kumbembeleza. Nilisimama nyuma, mahali pangu pa kawaida. Akasema ataruhusu uvuvi siku za Jumamosi kwa sharti kwamba awepo mtu anayeyajua maji, wa kusimamia usalama. Ndipo mwenzetu Bhoke akageuka na kuninyooshea kidole. Akasema huyu Hamim si babu yake ni mtu wa Pangani? Mtu wa pwani atashindwaje na kamto?

Wote wakanitazama. Tangu nije shule hii sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi hicho kwa mpigo mmoja. Ni kama kuota jua.

Ukweli ni huu: baba ni fundi cherehani Tarime mjini. Nimezaliwa Tarime mjini. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Kuogelea sijui.

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 3 Mei

Sikulala. Lakini maktaba haijawahi kuniangusha! Ndani ya sanduku la vitabu vya msaada nimepata kitabu cha Kiingereza kuhusu kuvua samaki kwenye miamba ya baharini. Kwenye jalada kuna Mzungu mwenye koti la njano. Nyuma yake limesimama wimbi refu kuliko bweni letu, naye anatabasamu. Sura nzima inahusu namna ya kutokufa. Nimeimaliza wakati wa Kemia.

Usivue peke yako. Usiyape maji mgongo. Kabla ya kushuka, kaa pakavu uyatazame maji kwa muda mrefu. Jua utatokea wapi kabla ya kuingia. Mwamba wenye utelezi wa kijani usiukanyage. Vaa viatu vyenye meno. Mwenzako akianguka usimrukie, mtupie kitu kinachoelea.

Neno "mamba" halimo. Nimelitafuta hadi kwenye faharasa. Kiboko naye hayumo. Kuna watu wanavua kwa raha duniani.

Mwishoni kuna jedwali la maji kujaa na kupwa, la bandari moja ya huko Ulaya, mwaka 1968. Babu alikuwa akizungumzia kujaa na kupwa hata akiwa anashona vifungo. Nimelioanisha na saa za huku kwetu. Hesabu nzuri sana, kurasa mbili. Ningemwonyesha Mwalimu wa Hesabu kama asingekuwa shimoni.

Mwalimu Verdiana ameongeza sharti: akirudi mtu mmoja na nguo iliyolowa juu ya goti, uvuvi umekufa na hautafufuka.

Vincent amekasirika. Yeye ni wa Shirati, amekulia ziwani, na alitegemea kazi hii iwe yake. Mbele ya foleni ya uji ameniuliza nimewahi kuvua samaki wangapi. Nikamjibu kwamba hilo ni jambo la kibinafsi.

Jumamosi, 4 Mei

Siku kuu!

Nimewaketisha wote ukingoni tuyatazame maji. Wameguna. Vincent akasema samaki wanatucheka. Bhoke akauliza tunangoja nini, nikasema wimbi kubwa. Akaniuliza: mura, huu ni mto, hilo wimbi atalileta nani? (Mura ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana shupavu. Kwangu nadhani ni kejeli.) Ng'ambo kiboko alitoa kichwa akatutazama pia. Ni yeye peke yake aliyefuata kanuni hadi mwisho.

Kuhusu viatu vyenye meno. Nilipigilia misumari ya bati chini ya katambuga zangu za tairi. Hatua za kwanza zilitoa cheche, nikajisikia mtu. Kisha misumari ikaingia kwenye ufa wa mwamba na kukataa kutoka. Nikasimamia usalama nikiwa ndani ya ufa. Nimewaambia ni kituo cha uangalizi. Bhoke alinichomoa kwa fito, huku akisema kwao ndama wenye akili huwa hawaingii penye nyufa.

Vincent alisimama peku kwenye mwamba wa nje kabisa, ule unaozungukwa na maji pande tatu. Akavua kambale mmoja, wa pili, wa tatu. Kila akipata anageuka kutuonyesha, mgongo kwa maji! Nikamkumbusha kanuni. Akasema mgongo ni wake na atampa amtakaye.

Jioni Mwalimu Verdiana alitupanga mstari akapapasa suruali na sketi moja moja, kama askari wa forodha kule Sirari. Wote wakavu!

Na tumekula kambale. Bweni zima likanyamaza, zinasikika taya tu. Tomaso alilamba mfupa hadi ukang'aa. Bhoke anasema bibi yake hatambui samaki kuwa chakula, humwita nyoka aliyekosa bahati. Akala vipande viwili ili apate uhakika.

Jumatatu, 6 Mei

Fitina! Vincent anapita vitandani akisema mimi ni mzigo. Anataka kura ya kuniondoa. Hoja yake ni kwamba samaki wote ni wake na Hamim alivua nyufa.

Nami nina mpango. Nitavua samaki mmoja mkubwa kuliko wake wote, mbele ya watu. Kisha nitakaa kimya kwa unyenyekevu.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya mazoezi ya kurusha ndoano nyuma ya choo. Mara ya kwanza imepotea. Mara ya pili ilirudi yenyewe. Sikujua imerudia wapi mpaka kwenye gwaride la jioni, ambapo kila nikisogea mshipi unanifuata na Tomaso naye anaufuata mshipi. Samaki wangu wa kwanza ni shati langu.

Vincent amecheka hadi akakaa chini.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata njia bora. Badala ya kumshinda Vincent, nitamfanya anihitaji.

Baada ya chakula nikafunua jedwali langu na kumwambia (kwa sauti ndogo, ndiyo sauti niliyo nayo) kwamba kesho saa tisa alasiri maji yatakupwa. Mwamba wa nje utakuwa salama kabisa, na samaki watabanana kwenye kina. Akanikazia macho muda mrefu. Akauliza kama babu yangu ndiye aliyenifundisha. Nikasema kwa kiasi fulani.

Akanipa mkono! Akaniita kaka. Amesema kura ameifuta.

Mtu akiwa na elimu hahitaji ugomvi.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika polepole.

Anga lilikuwa jeupe, hata wingu la kupumzishia macho hakuna. Nilikaa juu ukingoni na dumu tupu la jikoni, shingoni nimelifunga kamba ndefu ya katani. Wenzangu walikuwa chini kwenye miamba. Vincent alikuwa kwenye mwamba wa nje, pale nilipomwambia.

Wakati tunafika nilichagua jiwe moja la kutazama, lenye nundu kama ya ng'ombe. Karibu saa tisa nikalitazama. Nundu imekuwa fupi. Nikatazama jedwali. Jedwali likasema maji yanakupwa. Nikatazama jiwe. Maji yamekuwa ya rangi ya chai, yamebeba povu na mabua ya mahindi. Jedwali. Jiwe. Nikakagua hesabu upya, zote ziko sawa. Nikainua macho na nundu haipo.

Kitabu na jiwe vilikuwa vinabishana, na mimi ndiye hakimu. Mimi, ambaye kwenye mahudhurio huandikwa sipo kwa sababu nikiitika hakuna anayesikia.

Nikapiga kelele. Sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyebanwa na mlango, lakini ilitoka! Tokeni! Tokeni majini! Wakashtuka, nadhani zaidi kwa kugundua kwamba nina sauti, wakapanda mbio. Bhoke alimvuta Tomaso kwa ukosi.

Vincent hakutoka. Alikuwa na samaki kwenye mshipi. Akageuka, mgongo kwa maji, akacheka, akapaza sauti kwamba kaka, si ulisema yanakupwa?

Maji yakamchukua magoti. Akaanguka. Akaibuka chini kidogo, amekumbatia jiwe, kichwa tu nje.

Wote wakanitazama. Safari hii haikuwa kama jua. Bhoke akapiga kelele: ruka, mura! Wewe si wa pwani? Miguu yangu haikwenda popote. Mikono ndiyo iliyokwenda. Nikarusha dumu. Likafika nusu na kuanguka, kwa sababu nilikuwa nimekanyaga kamba. Nikavuta, nikahama, nikarusha tena, kule maji yanakotoka, juu ya Vincent, na maji yenyewe yakamletea. Akalikumbatia.

Tukavuta sote. Bhoke alishika mbele na kutuhesabia kwa Kikurya, ndivyo kwao wanavyomtoa ng'ombe aliyezama kwenye tope. Vincent akaja, akakwama, akaja. Alipofika pakavu mshipi bado uko mkononi, samaki hayupo. Akalala kifudifudi akatapika mto.

Baadaye Bhoke akaniuliza kwa nini sikuruka. Nikamwambia ni kanuni: aliyeanguka harukiwi, hutupiwa. Ni kweli, imeandikwa. Akatikisa kichwa kwa heshima, akawaambia wengine ndivyo wanavyofanya watu wa pwani.

Kuhusu miguu yangu, kitabu hakina maelezo.

Jumapili, 12 Mei

Jana nilisahau kuandika lililofuata. Suruali ya Vincent! Ilikuwa imelowa juu ya goti, juu ya kiuno, juu ya kila kitu. Uvuvi wetu ungekufa pale pale. Njiani nikatunga mpango. Nikatangulia mbele ya Mwalimu Verdiana, shikamoo, nikamweleza kwamba Vincent amenyeshewa.

Akatazama anga jeupe. Akauliza kama mvua hiyo ilimnyeshea Vincent peke yake. Nikasema ndiyo, ilikuwa ndogo.

Vincent akasogea mwenyewe akasema yote. Mwamba, kambale, mgongo, dumu. Akasema Hamim aliita na wote wakatoka isipokuwa yeye. Nikangoja aseme nani alimpeleka kwenye ule mwamba. Hakusema. Akanitazama mara moja tu, akaendelea kutiririsha maji.

Usiku niliona kitabu kikinitazama kutoka kwenye sanduku. Nikakigeuza jalada chini.

Leo baada ya ibada Mwalimu Verdiana ametuita darasani, akachora mto mzima ubaoni. Kumbe mvua ilinyesha mbali, huko juu milimani Kenya, na maji yakatembea kutwa nzima yakitufuata. Akasema ukiwa mtoni usiulize anga la kwenu, uliza rangi ya maji. Sijawahi kuipenda Jiografia hivi.

Akasema Vincent atafyeka majani hadi mwisho wa mwezi, kwa sababu ya mgongo. Mimi nitamwagilia miche ya bustani, kwa sababu ya mvua ndogo. Uvuvi ulikuwa haujatajwa. Kisha akasema sharti lake lilihusu nguo, lakini nguo zinaanikwa. Alichokuwa anaogopa ni kutuma ujumbe kwa mzazi. Na hao wengine wote walirudi kwa miguu yao.

Uvuvi haujafa! Utarudi mvua zikikatika. Mwamba wa nje, marufuku. Mtazamaji mmoja kila mara juu ukingoni, bila ndoano. Dumu na kamba kabla ya chambo. Kanuni zitapakwa rangi kwenye ukuta wa bweni, na atakayeziandika ni mimi, kwa hati yangu nzuri. Bweni likashangilia. Tomaso alipiga meza.

Nilimfuata Vincent kwenye majani nikamwambia nilikosea hesabu. Akasema anajua, aliona sura yangu. Kisha akaniomba nimsaidie kufyeka. Nimefyeka.

Jumatatu, 13 Mei

Mwalimu Verdiana ameongeza sharti la mwisho. Kabla uvuvi haujarudi, bweni zima lazima lijue kuogelea. Tutajifunzia kwenye lambo la ng'ombe la kina Bhoke, halina mamba na wala kina si kirefu. Vincent kuogelea anajua, ila Mwalimu amesema hawezi kumkabidhi darasa mtu aliyetolewa mtoni kwa dumu. Anataka mwalimu aliyetulia, asiyerukaruka ovyo majini.

Akasema Hamim.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kueleza mambo fulani. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Bhoke alikuwa ananitazama, na safari hii aliposema mura sikusikia kejeli. Nikajikuta nauliza kama tuanze Jumamosi hii asubuhi au jioni.

Asubuhi.

Si jambo gumu. Kuogelea ni kuelea pamoja na kusogea. Nimeazima beseni la kufulia na kujifungia stoo. Mara ya kwanza nilivuta pumzi wakati usiofaa. Mara ya pili sabuni ilikuwa haijaisha. Mara ya tatu nilituliza uso wote juu ya maji na kuhesabu hadi tano, na nina hakika kwamba uso ulielea.

Uso tayari. Umebaki mwili.