Hotuba ya Uzinduzi wa Chumba cha Mjukuu Wako

Mheshimiwa Mama Mkwe, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kikundi cha Akina Mama, Mlezi wa Wakwe Wote Waliopo na Watakaojaliwa. Mheshimiwa Mume Wangu, Fundi Rangi Mwandamizi, ambaye kwa sasa ameketi juu ya ndoo kwa kuwa kiti kimekaliwa na nguo. Mheshimiwa Mjumbe wa Miaka Minne, binti yetu wa kwanza. Mheshimiwa Mjumbe Asiye na Meno, mdogo wake, anayehudhuria mgongoni kwangu. Jirani yetu fundi cherehani, anayefuatilia shughuli hii kupitia ukutani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote naomba radhi, kwa upana na urefu wake, kwa kuchelewa kukuandikia. Ulipiga simu nikasema nitaandika, ukapiga tena nikasema ndiyo naandika, na mara ya tatu nikampa mtoto simu akakuimbia mpaka salio lako likaisha. Ucheleweshaji huo ulitokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa ofisi hii, zikiwemo meno ya mjumbe mdogo yanayotangaza kila siku kwamba yanakuja na hayaji, kazi ya kupiga pasi kule dukani kwa dobi, ambayo inanirudisha nyumbani miguu ikiwa imevimba kama mikate, na sababu kuu kuliko zote, ambayo ni woga. Najua unapenda hotuba, Mama, unazisikiliza redioni tangu wanapotaja waliohudhuria mpaka wanapotaja waliotoa udhuru. Kwa hiyo jambo nililoshindwa kulisema kwenye simu nimeona niliseme kwa itifaki, nikilisoma kwa sauti huku naliandika.

(Makofi. Baadaye ilithibitika kwamba ni jirani anagonga ukuta tupunguze sauti.)

Mabibi na mabwana, itakumbukwa kwamba Mheshimiwa Mama Mkwe alipofanya ziara yake ya mwisho katika makazi haya, alimkuta mjukuu wake analala katikati ya wazazi kama mstari wa mpaka, akatamka, nanukuu: "Mtoto huyu akikosa pake pa kulala mpaka mvua ziishe, namchukua. Kwangu kuna vyumba wanalala paka." Mwisho wa kunukuu. Mvua zimeisha. Itakumbukwa pia kwamba mwanao, alipoulizwa juzi kwenye simu, alijibu kwa kujiamini kwamba mtoto sasa ana chumba chake. Ukamuuliza kama kina mlango, akasema mlango wake ni mpana, unafunguka upande mzima. Ukamuuliza rangi, akasema ni nyekundu, tena ya kung'aa, yenye maandishi ya dhahabu. Tukakusikia unawageukia wenzako wa kikundi na kuwaambia, "Mwanangu amejenga."

(Mume: "Mimi sikusema nimejenga." Mzungumzaji: "Mheshimiwa, utapewa nafasi." "Lini?" "Ukishaniletea maji ya kunywa.")

Kwa hiyo, kabla Mheshimiwa hajapakia kwenye lori kile kitanda cha mninga alichozaliwa juu yake mume wangu, na kabla hajapanda mbele kwa dereva kuja kukikagua chumba chenyewe, naomba kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa Mradi Jumuishi wa Mapambo, Mavazi na Mlo kwa Bajeti Finyu, awamu ya kwanza, awamu ya pili, na ile awamu tuliyoiruka.

Nikianza na sekta ya mapambo, napenda kulitaarifu kusanyiko hili kwamba kuta zote za makazi yetu zimepakwa rangi kwa asilimia mia moja, kupitia mkakati wa mabaki, ambapo mtaalamu wetu, akimaliza kazi kwa watu, huomba kilichobaki chini ya kopo. Ukuta wa mlangoni ni kijani cha zahanati. Wa dirishani ni krimu ya shule. Ule wa nyuma ya jiko ni waridi ya saluni, iliyoisha kabla ya kufika kwenye kona, na mtaalamu akatuhakikishia kwamba hata matajiri huwa wanaishia hapo makusudi, na kwamba jambo hilo huitwa konsepti. Tathmini imeonyesha kwamba mgeni akikaa upande wa kijani huanza kukohoa, akihamia upande wa krimu hunyoosha mgongo, na hakuna aliyewahi kukaa upande wa waridi akaondoka bila kuuliza kioo kiko wapi.

(Mume: "Sema na dari." Mzungumzaji: "Dari haijapakwa." "Ndiyo maana nasema useme, Mama ajue nina mpango.")

Lakini nguzo ya mradi huu, mabibi na mabwana, ni pazia. Kule kazini liliwahi kuletwa kufuliwa pazia la ukumbi, jekundu, zito la kumlaza mtu, lenye maneno MKUTANO MKUU yaliyodariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Mwenyewe hakurudi. Mwaka ukapita, risiti ikafifia, na bosi wangu akachoka kulihamisha kutoka rafu hii kwenda rafu ile, akaniambia nilichukue kabla hajalitupa. Nililibeba kichwani, watu wakanipisha njiani kama natoka ikulu.

Tukafanya upembuzi yakinifu sakafuni, mimi, jirani na mkasi wake, na baada ya majadiliano yaliyoendeshwa katika hali ya uwazi na kelele, tukaligawa. Kipande kilichoandikwa MKU kikawa mto wa kuegemea. Kipande kilichoandikwa TANO kikawa gauni la mjukuu wako, maandishi yakiwa mgongoni, na sasa kila anayelisoma humuuliza kama ana miaka mitano, naye hukubali. Kipande kikubwa, chenye neno MKUU, kikatundikwa kutoka kabatini mpaka ukutani, na nyuma yake tukaweka matandiko ya mtoto, taa ndogo, na kasha la viatu ambalo ni kabati la mwanasesere. Mjumbe wa Miaka Minne hajui kusoma, ila anajua kwamba lile neno la juu ni jina lake.

(Mjumbe wa Miaka Minne: "Mama, unaongea na nani?" Mzungumzaji: "Na Bibi." "Bibi yuko wapi?" "Yuko kwenye karatasi." "Mwambie atoke.")

Katika sekta ya mavazi, mafanikio yamekuwa makubwa hadi kuleta changamoto. Mtoto akiwa amevaa gauni lile, akasimama mbele ya pazia lile, haonekani. Jumapili iliyopita tulimtafuta huku anatutazama, mpaka alipocheka tukaona meno. Mimi mwenyewe, kwa mujibu wa sera ya kuvaa ulichonacho kana kwamba ulikichagua, nina sketi mbili na blauzi tatu, zote za mtumba, zote zimepigwa pasi kama za mke wa balozi, maana hilo ndilo jambo ambalo hakuna mwenye pesa atakayenifundisha. Nikibadilisha ukosi na vifungo, watu wa kazini wanasema, "Leo umependeza, mpya hiyo?" Nawaambia ndiyo. Ni mpya kwa leo.

(Jirani, ukutani: "Vifungo ni vyangu hivyo." Mzungumzaji: "Mchango wa wadau umetambuliwa." "Utambue na kunirudishia.")

Nikigeukia sekta ya mlo, ambayo najua Mheshimiwa Mama Mkwe ana shaka nayo tangu harusi, naomba kuripoti kwamba hakuna mtu aliyelala njaa katika kipindi cha taarifa. Kabichi imepikwa kwa mitindo mingi kiasi kwamba yenyewe imesahau kuwa ni kabichi. Maharagwe ya jana yanapondwa, yanakaangwa na kitunguu na pilipili hoho, yanapakwa kwenye mkate, na kupewa jina jipya kabla hayajafika mezani. Aidha, tunayo sahani moja nzuri, ya maua, iliyobaki peke yake baada ya wenzake kuvunjika, na badala ya kuificha kabatini kwa ajili ya wageni wasiokuja, tumeweka utaratibu kwamba anayekula juu yake siku hiyo ndiye mgeni rasmi, anahudumiwa wa kwanza, na haoshi vyombo. Utaratibu huo umeongeza hamu ya kula kwa kiwango ambacho ofisi ya takwimu, yaani mimi, imeshindwa kukipima.

(Mume: "Leo mgeni rasmi nani?" Mjumbe wa Miaka Minne: "Mimi." "Jana si ulikuwa wewe?" "Jana nilikuwa mgeni. Leo ni rasmi." Kicheko. Mjumbe Asiye na Meno anashtuka, analia. Kikao kinaahirishwa kwa ajili ya kunyonyesha, kisha kinaendelea.)

Mabibi na mabwana, nisiwachoshe, ingawa mimi nimechoka. Naomba sasa niguse kipengele cha sera, na nitakigusa polepole kwa kuwa kinauma. Mheshimiwa Mama Mkwe, neno ulilolitumia siku ile ni "pake". Nililisikia vizuri, nilikuwa nakumiminia chai. Ulisema mtoto akikosa pake. Neno "chumba" lililetwa na mtoto mwenyewe siku tulipotundika pazia, aliposimama nyuma yake akatangaza, "Hapa ni chumbani kwangu." Baba yake akalipokea kama lilivyo, akakupa kwenye simu kwa moyo safi. Na wewe, kwa mapenzi yako makubwa, ukalipandisha ghorofa.

Na naomba nieleze kinachotendeka hapo pake. Mtu hapiti bila kubisha hodi. Ameweka sheria hiyo yeye, na anaisimamia kuliko mgambo. Unasimama mbele ya neno MKUU, unasema hodi, naye anasema "subiri", unasikia anapangapanga vitu vyake, anamwambia mwanasesere akae vizuri, halafu ndiyo anasema "karibu". Hata mimi nasubiri, nikiwa na mdogo wake mgongoni na sufuria jikoni. Siku ya kwanza alilala huko peke yake, asubuhi akatoka akatuuliza sisi tumelalaje, kama mwenyeji anavyouliza wageni.

(Mume anaangalia ndoo aliyoikalia. Mume: "Hiyo isome taratibu, Mama ataisikia.")

Kwa hiyo msimamo wa ofisi hii, ambao umejadiliwa na wazazi wote wawili na kupitishwa bila kupingwa, ni kwamba mtoto haendi. Atakuja kwako likizo, atakula kuku wako, atawafukuza paka wako vyumbani, na atarudi. Nasema hivi kwa heshima zote ninazokuwekea, na unajua ninakuwekea nyingi. Mume wangu ulimlea wewe mwenyewe, hukumpa mtu akulelee, na ndiyo maana ni mtu wa kusema ukweli hata kwenye simu, ila ukweli wake unahitaji kuja kuuona.

Naomba sasa tuitikie kauli mbiu za mradi. Chumba ni nini? (Wajumbe: "Hodi.") Mapambo ni nini? (Mume: "Mabaki." Mjumbe wa Miaka Minne: "Nyekundu.") Mtoto anakaa wapi? (Mjumbe wa Miaka Minne: "Hapa." Anarudia bila kuombwa: "Hapa, hapa, hapa." Jirani, ukutani: "Tumesikia.")

Mwisho kabisa, napenda kutoa shukrani za dhati kwa wote waliofanikisha ujenzi wa Chumba cha Mjukuu. Namshukuru mwashi, ambaye hakuja kwa kuwa hakuitwa. Nalishukuru tofali, ambalo halikununuliwa. Nakishukuru chumba chenyewe, ambacho hakijajengwa, hakikuwahi kuchorwa, na hakina pa kusimama, kwa kuwa kutoka kabatini hadi ukutani ni mkeka mmoja na unyayo wangu. Namshukuru mume wangu kwa kutaka uone fahari. Na wewe Mama nakushukuru kwa kitanda cha mninga, ambacho kikiingia humu itabidi sisi tutoke, hivyo kibaki huko kimsubiri mgeni wake wa likizo. Lori lisije. Wewe njoo, na ukifika mbele ya pazia ujue cha kusema.

Ili usije mikono mitupu, na kwa kuwa dereva wa basi atakubali kifurushi cha kawaida, ofisi hii inawasilisha mahitaji yafuatayo:

Ndoano za pazia, za chuma, kumi na mbili au zaidi, maana sasa tunatumia vibanio vya nguo, na mtu akilivuta kwa hasira linamwangukia aliye ndani.

Uzi mwekundu wa cherehani, rili moja. Wa jirani tumeumaliza na anajua.

Kitambaa laini chochote cha kuweka ndani ya gauni, hata shuka kuukuu, kwa kuwa dhahabu inawasha mgongoni.

Dawa ile ya ufizi uliyompaka baba yao alipokuwa mdogo, kama ingali inauzwa.

Godoro jembamba la sponji, ukubwa wa mkeka niliousema, lisizidi hata kidole.

Na blanketi moja la mtoto wa miaka minne, ila lichague refu kuliko yeye, maana atakulia hapa.