Msiba Usio na Marehemu

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu tangu alfajiri. Mlima hauonekani. Akili za watu nazo hazionekani.

Glory, mwenyekiti, ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba cha Jumamosi huenda kikawa kikao cha mwisho cha Mtandao wa Vijana wa Asasi Usambara. Wasipofika wanachama ishirini, unafungwa. Mwezi uliopita walifika tisa, na mmoja kati yao alikuwa amejikinga na mvua tu.

Unafungwa! Mtandao usio na mfadhili, usio na gari, usio na bango barabarani, na bado unafanya kazi! Vijana walioajiriwa kwenye asasi, na wale wanaosema wameajiriwa, hukutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ghala la zamani la mboga. Wanasomeana maandiko ya miradi. Wanafundishana kujibu maswali ya usaili. Wanamfariji aliyeishiwa mkataba. Halipwi mtu. Siku za kazi asasi zinawatumikisha bure miaka mitatu na kuita huko kupata uzoefu. Jumamosi wanajitolea kwelikweli, na hilo haliitwi chochote. Nimeyaandikia magazeti makala kumi na moja kuhusu hilo. Kimya. Woga!

Kuna jambo la pili, dogo. Katiba ya Mtandao ina nafasi ya mlezi, na iko wazi. Mlezi huketi mbele na kusema mwisho. Mimi nimetumikia asasi miaka kumi na tisa, mpaka mradi ukaisha, nami nikaisha nao. Nani anifikie? Mwingine anayeitaka nafasi hiyo ni Mwalimu Amiri wa Vuga, mstaafu, mtu ambaye hajafungua kitabu tangu aache kulipwa kukifungua.

Mtandao ukifa, hapatakuwa na cha kulea. Kwa hiyo lazima uishi. Nimeanza hotuba. Kurasa kumi na nne.

Klara, mke wangu, ameuliza kama kuna ukurasa unaoeleza nani atapalilia karoti.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda ghalani kumwona Glory na katibu wake, Ibrahimu. Ibrahimu alinipa shikamoo iliyonyooka. Nikamwitikia marahaba kama mlezi. Mara akaingia Mwalimu Amiri! Yeye alipewa shikamoo na kiti. Kiti kilikuwa kimoja. Nilikuwa nimeshakunja magoti nikae.

Amiri aliniuliza, kwa huruma ya kuudhi, kama bado naandika yale malalamiko yangu. Nikamjibu kwamba ni makala. Akasema ahaa.

Glory amekonda. Mradi wake uliisha mwezi Mei, lakini bado anawapigia wanachama kwa vocha yake. Alitueleza kwamba hana hasira, amechoka tu. Kila anayempigia anamjibu kwamba bosi amekataa kumpa ruhusa, au usafiri hakuna, au Jumamosi ana shughuli. Kuna kazi Dodoma, akasema, na shangazi yake amemwandalia chumba. Hapo ndipo akatuuliza, wazee wetu, tufanyeje?

Amiri alishauri kadi za mwaliko zenye kingo za dhahabu. Mimi nilishauri kubadili fikra za jamii nzima. Glory alitushukuru wote wawili kwa sauti ileile. Sikuipenda.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Nimepata!

Nilipanda Lukozi kutafuta mbegu za kabichi. Duka limefungwa. Jirani yake, fundi cherehani, hayupo. Ofisi ya asasi ya wakulima wanawake imefungwa pia, na gari lao halipo. Nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa akianika maharage. Akanitazama kama mgeni wa nchi. Wamekwenda msibani, baba! Wote? Kwani ulitaka abaki nani?

Basi, tuifikirie ile ofisi. Ina binti anaitwa Shamsa. Mwezi uliopita mkuu wake alimkatalia kuja kwenye kikao cha Mtandao kwa sababu gari halina mafuta. Leo gari limekwenda. Dereva amekwenda. Mkuu mwenyewe amekwenda, amebeba unga! Hakuna kadi. Hakuna ajenda. Hakuna aliyeuliza kama kuna posho. Nchi hii haijashindwa kukusanya watu. Imeshindwa kuita mikutano kwa jina linalofaa!

Wazo lilinijia kwenye kona ya kuteremka. Nilipiga kelele kwa furaha, mwenye bodaboda akasimama kuangalia tairi.

Tulipofika kijiwe cha bodaboda Lushoto nikashuka, nikavua kofia, nikasema polepole kwamba vijana wa asasi wamepata pigo, tunakutana Jumamosi saa nne kwenye ghala la zamani la mboga. Sikutaja marehemu. Sikutaja hata neno msiba. Kofia ilitosha. Wote wakavua zao. Wakauliza mahali. Wakauliza saa. Nani, hakuuliza mtu.

Mimi ni hatari.

Alhamisi, 12 Juni

Habari imetembea kuliko makala yangu yote kumi na moja.

Asubuhi mwenye bucha amenieleza kwamba marehemu ni mzee wa huko Magoma, mkarimu sana, na kwamba alisumbuliwa na kifua. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe alikwenda kumwona mwezi uliopita. Nilitikisa kichwa. Ningefanya nini?

Saa saba Glory alinipigia. Watu wanampa pole sokoni. Amesema asante mara kadhaa kwa kuogopa kuonekana hana adabu, sasa anaomba kujua aliyekufa ni nani. Nikamwambia avute subira, aje na ajenda yake Jumamosi na avae vizuri. Halafu akaniuliza, kwa heshima zote, nimefanya nini. Mtandao ukakatika. Niliukata mimi.

Jioni Klara alirudi kutoka kwenye kikundi chao. Kila mama atatoa unga au mboga, na masufuria makubwa yameshaombwa. Akauliza kama marehemu namfahamu. Nikasema kidogo. Baridi ya mwezi wa sita hii, mimi natokwa jasho!

Ijumaa, 13 Juni

Amiri amepiga simu mara tatu. Sikupokea. Najua anachotaka. Anataka nijitoe ili apite bila kupingwa. Abembeleze.

Hotuba imekamilika. Kuna aya inayowachana wakuu wa asasi vipande vipande. Nimeisoma mbele ya kioo, nikajipigia makofi.

Hofu? Kidogo. Nimefikiri itakuwaje watu watakapogundua. Kisha nimejikumbusha kwamba kila mwanamageuzi aliwahi kueleweka vibaya kwa muda. Klara anachagua khanga ya msibani. Ameniuliza kwa nini namwangalia hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

SIKU KUBWA! Niandike kwa mpangilio.

Nilifika mapema, nikazunguka nyuma ya ghala, nikashika shoka na kuanza kupasua kuni. Si kwa uoga. Kuni zilihitaji kupasuliwa.

Wakaja. Wametoka Lukozi, wametoka Vuga, wamepanda kutoka Magoma. Wanawake na unga, vijana na madumu ya maji, wazee na sura zao za msiba. Na magari ya asasi! Nilichungulia nikayahesabu manne, kila moja limejaza vijana waliotumwa kutoa pole kwa niaba ya ofisi. Shamsa alikuwa mbele, karibu na dereva. Yule mkuu wake asiye na mafuta alikuwa akishusha kabichi!

Mara nikasikia kipaza sauti. Amiri. Suti nyeusi. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema, aliichukua. Akaanza kumsifu marehemu. Nikasimamisha shoka. Nilitaka kujua huyo mzee wa Magoma alikuwa na sifa gani.

Akasema tumempoteza Ndugu Paskali Shehiza.

Mimi!

Baadaye nimeelewa. Vuga walisikia kwamba amekufa mzee mmoja wa Mtandao. Mtandao una wazee wawili. Amiri alijikagua akajikuta mzima. Akanipigia mara tatu kuhakikisha, sikupokea. Kwake huo ulikuwa ushahidi.

Nilipaswa kujitokeza mara moja. Nakiri kwamba sikufanya hivyo. Lakini nani angeweza? Alisema nilikuwa kalamu ya milima hii. Alisema alinibishia miaka yote kwa sababu aliniogopa. Alisema kwamba nafasi ya mlezi ilikuwa yangu kwa haki na yeye alikuwa akiitamani tu. Machozi yalinitoka. Nilikuwa mtu mkubwa sana!

Nikageuka. Klara amesimama karibu na sufuria, mwiko mkononi. Yeye alikuwa ameshaelewa yote. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshiba sifa au niongezewe. Halafu akanishika mkono wa shati na kunipeleka mbele ya umati, na shoka langu.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mwenye bucha alikimbia mpaka barabarani. Amiri akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba anayafuta aliyoyasema. Hayafutiki! Umati mzima umesikia!

Hapo mambo yakawa mabaya. Bibi Jenoveva, mama wa Kilutheri ambaye umri wake hakuna anayethubutu kuuliza, alitua mzigo wake wa kuni mbele yangu. Akataka aambiwe kuni hizi kambebea nani mlima wote ule. Nikatoa hotuba. Ukurasa wa kwanza, aya ya kwanza. Akaniambia kaa chini, wewe maiti. Kilichofuata alikisema kwa Kishambaa, na siwezi kukiandika hata kwenye shajara ya siri. Watu walianza kufunga vitenge vyao kuondoka. Vijana nao wakageukia magari. Nikaona Mtandao unakufa kweli, na mimi ndiye nimeushindilia udongo.

Glory akasimama.

Hakuwa na karatasi. Aliomba radhi kwanza, akawaamkia wazee wote shikamoo, akasubiri waitikie. Wakaitikia. Nani ataondoka ameshaitikia? Kisha akasema kwamba aliyekufa hayupo, ila yuko anayekufa. Akaeleza. Ibrahimu alishindwa usaili mara sita, wakamfundisha hapa, wa saba akapata kazi ya kusimamia watoto wenye ulemavu. Kijana mmoja mradi wake uliisha ghafla, akajifungia ndani, wakamfuata kwao wakakaa naye mpaka akala. Akasema wanaofanya haya ni tisa, wamechoka, na yeye amechoka kuliko wote. Akakaa.

Bibi Jenoveva akauliza kwa nini hawakusema. Glory akajibu kwamba waliita mikutano. Bibi akasema mkutano! Nani anakuja mkutanoni? Mtu akielemewa anaita watu.

Akawageukia vijana walioshuka kwenye magari, akauliza nani kati yao anafanya kazi hizo za asasi. Wakanyoosha mikono. Ibrahimu alihesabu, akahesabu tena. Arobaini na wawili! Wengi hawakujua hata kwamba Mtandao upo. Shamsa alisema kwa sauti, mkuu wake akisikia, kwamba amejitolea miaka miwili ofisini bila hata kuulizwa hali. Mkuu alianza kuchunguza kabichi.

Basi wakafanya kama wanavyofanya msibani. Niliona kwa macho yangu! Kwa muda wa kuiva ugali kazi zote ziligawanywa. Lukozi watapokea kikao cha Julai, Vuga cha Agosti, Magoma cha Septemba. Hawa chakula, hawa maji, hawa kuwafuata waliokosekana kujua wamepatwa na nini. Shamsa na wenzake wawili watampokea Glory nusu ya mzigo. Wakuu wa asasi waliombwa mbele ya wazee kutoa ruhusa na magari, nao wakakubali haraka sana, maana hakuna aliyewahi kuona mtu akikataa msibani. Semina elekezi ya siku tano isingefika hapo!

Glory alicheka. Tangu Mei sijamwona akicheka. Amempigia shangazi yake kumwambia kile chumba ampangishe mtu mwingine.

Kuhusu mlezi. Niliinua mkono nikakumbusha ile nafasi, na maneno ya Amiri kuihusu. Bibi Jenoveva akauliza mlezi hufanya kazi gani. Ibrahimu akajibu kwamba huketi mbele na kusema mwisho. Bibi akasema msibani hakuna kazi hiyo. Wakaifuta kwa kunyoosha mikono. Amiri amepewa maji. Mimi nimepewa kuni.

Kuni! Natafakari usiku huu na ninaona ushindi. Bila moto maji ya Amiri ni baridi tu. Mtandao mzima unasimama juu yangu.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani padri alihubiri juu ya ulimi. Watu wengi waligeuka kunitazama. Umaarufu umeanza.

Baada ya misa Klara alinitaka niahidi, mbele ya sanamu ya Bikira Maria, kwamba sitatangaza tena msiba usiokuwepo. Nikaahidi. Kwa moyo wote.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetulia, nimefikiri kisayansi. Arobaini na wawili ni wengi, lakini kikao cha Julai tunaweza kupata mara mbili yake. Glory amesema hakuna haja, watu sasa wanakuja wenyewe. Umri mdogo! Hajui kwamba mafanikio yanataka kusukumwa.

Ahadi yangu kwa Klara naiheshimu. Mimi ni mtu wa neno langu. Msiba sitangazi tena kamwe.

Mchana nimekutana na kiongozi wa kwaya, nikamwambia kwamba mwezi ujao, Lukozi, kuna harusi kubwa sana. Alifurahi, akauliza sare iwe rangi gani. Bibi harusi sikumtaja. Watu watampata wenyewe.